Simu, Kipande na Siri za Watu wa Ziwani

Neno "simu" ni kongwe kuliko chombo tukitiacho mifukoni leo. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ilikuwa waya. Wazee wetu waliposema "kupiga simu" hawakuwa na maana ya kuzungumza na mtu aliye mbali. Walikuwa na maana ya kwenda posta, kuandika maneno machache juu ya karatasi, na kumlipa karani ayapitishe katika waya. Sasa waya umetoweka na jina limebaki. Kijana aketiye ukingoni mwa ziwa pale Dunga, macho ameyakaza juu ya kioo kidogo, bado hukiita chombo chake waya pasipo kujua. Katika historia ya vyombo jambo hili hutokea mara nyingi: jina hukaa mahali pake, hali mambo yenyewe yamekwisha geuka. Na katika yote yaliyogeuka katika nchi yetu ya ziwani tangu waya wa kwanza ulipofika, hapana lililogeuka kwa kimya kama hili: ni nani ajuaye siri ya mtu.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba swali hili ni geni, kwamba lilizaliwa pamoja na simu ya mkononi. Si kweli. Watu wa Kisumu na wa vijiji vya ziwani wameulizwa swali hili mara nyingi, nao wamelijibu mara kwa werevu, mara kwa hasira, na mara nyingine wamelipita kama mtu apitaye nyumba iliyofungwa.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingo wa ziwa mwezi wa Desemba 1901. Mahali ilipoishia paliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Ronald Preston, aliyesimamia ulazaji wa reli hiyo. Wenyeji walikuwa na jina lao la mahali hapo tangu kale, jina ambalo wazee hueleza kwamba latokana na kwenda kutafuta chakula na kubadilishana vitu. Na baada ya muda mfupi jina la wenyeji ndilo lililoshinda. Pamoja na reli ulikuja waya, umetundikwa juu ya nguzo, ukifuatana na njia ya gari moshi bonde kwa bonde na kilima kwa kilima.

Kabla ya waya, habari katika nchi yetu zilikuwa za namna mbili. Habari za watu wote zilipigwa kwa ngoma na kwa pembe, au kwa ukelele ulioshikwa na boma moja ukapokewa na boma la pili. Msiba haukuwa siri, wala vita havikuwa siri. Lakini habari ya mtu mmoja, kama vile posa, deni, au ugomvi wa ndugu, ilisafiri kifuani mwa mjumbe. Mjumbe alichaguliwa. Alijulikana baba yake na mama yake, na kama alitoa maneno nje, alijulikana pa kumpata.

Waya haukuwa na baba wala mama. Wa kwanza kuutumia kwa hiari yao, katika upande huu wa nchi, hawakuutumia kupeleka habari. Wanandi, majirani zetu wa milimani, waliukata wakaufanya bangili na mapambo, na vyuma vya reli wakavifulia silaha. Maandishi ya serikali ya wakati ule yaliwaita wezi. Mimi naona jambo lile lilikuwa na maana zaidi ya wizi. Ilikuwa vita, kwanza, vita vilivyoendelea hata Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Tena ulikuwa ni uamuzi wa watu waliokitazama chombo kigeni wakauliza: chatufaa nini sisi? Waliona kwamba katika ule waya wapitao maneno ya kuwaita askari, na kwamba mkononi mwa binti zao ungependeza zaidi. Sijui kama kizazi chetu kimeuliza swali lile kwa uwazi wa namna hiyo.

Watu wa mji walipozoea, simu ya maandishi ikawa chombo cha haraka, nacho kilikuwa cha ghali. Malipo yalihesabiwa kwa maneno, hivyo mtu alijifunza kubana moyo wake katika maneno manane au tisa. Nyanya yangu, aliyezaliwa upande wa Asembo, alinisimulia kwamba tarishi wa posta alipoonekana akija kwa baiskeli, wanawake walianza kulia kabla hajashuka, maana hakuna aliyetumia fedha nyingi kiasi kile kwa habari ya mtu aliye mzima. Watu watatu waliijua habari kabla ya mwenyewe: karani aliyeipokea kule, karani aliyeiandika hapa, na tarishi aliyekwisha isoma njiani au aliyeikisia. Walikuwa watu watatu tu, na wote walikuwa na uso.

Sasa natoka kidogo katika habari za waya, kwa sababu katika miaka ile ile kilikuja chombo kingine, kidogo sana, ambacho watoto wa shule husoma jina lake katika vitabu pasipo kukifikiri. Nacho ni kipande.

Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwishoni mwa 1919 na katika mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kujiandikisha. Alitia alama za vidole vyake juu ya karatasi. Juu ya karatasi hiyo paliandikwa jina lake, kabila lake na mahali atokapo. Kisha kila mwajiri aliandika siku aliyomwajiri, kazi aliyompa, mshahara aliomlipa, na siku aliyomwachilia. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma, na kikopo kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Walikuwako waliokifananisha na kengele ya mbuzi.

Hebu kitazame chombo hicho, msomaji, si kwa hasira bali kwa makini, kama fundi atazamavyo saa iliyofunguliwa. Kazi yake ilikuwa nini? Kabla ya kipande, mtu wa Seme au Alego aliyekwenda kufanya kazi katika shamba la mlowezi, akaona anapigwa au analipwa kidogo, aliweza kuondoka usiku akatafuta kazi kwingine, na jina jipya likatosha kumficha. Baada ya kipande hakuweza. Mtu asiyetiwa sahihi ya kuachiliwa alikuwa mtoro, na mtoro aliweza kufuatwa kwa alama za vidole zilizohifadhiwa Nairobi. Tena mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa pale pale. Mwajiri mpya aliusoma akajua ni kiasi gani kidogo kitakachomtosha mtu yule. Mfanyakazi alitembea amebeba shingoni mwake hoja ya mwajiri, naye aghalabu hakuweza kuisoma. Hapo ndipo penye ubaya wa chombo kile. Habari za mtu zilikuwa juu ya kifua chake mwenyewe, na kila mtu aliweza kuzisoma isipokuwa yeye.

Watu wa Nyanza hawakunyamaza. Tarehe 23 Desemba 1921 palikuwa na mkutano mkubwa Lundha, katika Gem, na chama kilichotokana nao kilijulikana kwa jina la Young Kavirondo Association. Bali watu walikiita Piny Owacho, yaani Nchi Imesema. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, na pamoja naye walikuwako Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Walimu na vijana waliosoma katika shule za misheni ndio waliokuwa mstari wa mbele, jambo ambalo mimi kama mwalimu hulisoma kwa furaha kidogo. Katika madai yao palikuwa na kupunguzwa kwa kodi, kupata hati za mashamba, kuondolewa kwa kambi za kazi, kurudishwa kwa nchi katika hali ya ulinzi badala ya koloni, na kufutwa kwa kipande. Mwaka uliofuata Gavana Northey alikuja kuonana na watu Nyahera, karibu na Kisumu. Baadhi ya mambo yalilegezwa. Kipande kilibaki.

Kilibaki hata mwaka 1947, ilipotungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wote pasipo kujali rangi. Hapo likatokea jambo ambalo husomwa kwa kicheko kichungu. Walowezi, ambao kwa miaka zaidi ya 25 walikuwa wameona alama za vidole kuwa jambo jema na la kawaida, sasa walipotakiwa kutia vidole vyao wenyewe waliona ni fedheha, wakalalamika vikali. Mwishowe iliruhusiwa kwamba mtu ajuaye kuandika Kiingereza aweze kutoa sahihi na picha badala ya vidole. Kwa hiyo chombo kile kile kilikuwa adabu kwa mmoja na aibu kwa mwingine, wala wino wa vidole haukubadilika hata kidogo.

Baada ya uhuru kitambulisho kiliendelea, wanawake nao wakaingizwa sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, na hata leo watu wengi wa Kenya wakikitaka kitambulisho husema, "Leta kipande." Kikopo kimetoweka, jina limebaki, kama ilivyokuwa kwa waya. Wakati wa kujisajili kwa simu ya mkononi kijana huulizwa nambari ya kipande chake. Nakuomba uyashike mambo haya mawili pamoja, maana tutayarudia.

Lakini kwanza barua. Katika utoto wangu, miaka ya 1990, kijijini kwetu hapakuwa na simu hata moja. Tulikuwa na sanduku la posta la shule ya msingi, na kila aliyekuwa na mwana Nairobi au Mombasa alitumia sanduku lile. Siku ya Ijumaa mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride akasoma majina yaliyo juu ya bahasha, nasi watoto tukazipeleka nyumbani. Hivyo kijiji kizima kilijua ni nani aliyeandikiwa na ni nani aliyesahauliwa. Palikuwa na mama mmoja ambaye jina lake halikusomwa miaka mitatu, na kila Ijumaa alituuliza njiani kama kwamba twaweza kuwa tumekosea.

Nyanya yangu hakujua kusoma. Msomaji wake nilikuwa mimi. Barua ilipofika alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ghala, mbali na masikio ya watu, akaketi juu ya kinu kilichoinamishwa, akasema, "Haya, mjukuu wangu, soma. Usiruke." Nilisoma mara ya kwanza naye akasikiliza kimya. Mara ya pili alinisimamisha: "Rudia pale." Mara ya tatu alikuwa amekwisha ihifadhi, akaichukua akaitia katika mkebe wa majani ya chai. Kazi hii nilijivunia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilijua madeni, magonjwa na mapatano ya ukoo mzima.

Siku moja ilikuja barua ya ami yangu kutoka Mombasa. Alikuwa amepoteza kazi bandarini, naye alimwomba mama yake asimwambie mkewe mpaka apate nyingine. Nilisoma mara tatu nyuma ya ghala. Jioni ile, kisimani, nilimwambia rafiki yangu mmoja, kwa sababu tu alikuwa amejisifu kwamba baba yake ni dereva nami nilitaka kuonyesha kwamba nijua mambo makubwa. Kesho yake habari ilikuwa imefika kwa mke wa ami. Hakukasirika kwa kazi kupotea. Alikasirika kwa kufichwa. Alifunga mizigo yake, akawachukua watoto wawili, akarudi kwao ng'ambo ya ghuba, na ulipita mwaka kabla hajarudi. Nyanya hakunichapa. Alimwita binti wa jirani awe msomaji wake, na kwa muda wa mwaka ule nilipokuwa nikiona wakienda nyuma ya ghala nilijificha jikoni.

Nimeandika habari hiyo si kwa kupenda kujieleza, bali kwa sababu inaonyesha jinsi siri ilivyolindwa katika wakati wa barua. Siri haikuwa salama. Mwalimu mkuu aliiona bahasha, karani wa posta aliweza kuifungua kwa mvuke, msomaji mwenyewe aliweza kuwa mtoto mpumbavu. Lakini mwenye siri alimjua msomaji wake. Aliweza kumwadhibu, aliweza kumfukuza kazi, naye alifanya hivyo.

Simu ya mdomo haitatuchelewesha. Kwa muda mrefu ilikuwa ya ofisi, ya maduka makubwa ya mjini, na ya wakubwa. Sehemu nyingi za mashambani zilitumia mitambo ya mkono, ambamo mhudumu alichomeka waya ili kuwaunganisha watu wawili, naye aliweza kusikia yote akitaka. Mjini Kisumu watu walipanga mstari mbele ya vibanda vya simu, sarafu mikononi, na kwa kuwa laini zilikuwa mbovu walipiga kelele, hata aliye wa kumi katika mstari akajua mgonjwa wa yule wa kwanza amelazwa wapi. Redio nayo ilitangaza vifo, pamoja na orodha ndefu ya jamaa za marehemu; na katika nchi yetu, ambapo mazishi ni jambo la watu wote, hapana aliyeona kwamba ni kosa. Hiyo ilikuwa ile pembe ya zamani, imepewa nguvu.

Shirika la posta na simu la Kenya liliundwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, likagawanywa mwaka 1999. Kuanzia hapo simu ya mkononi ilienea kama moto wa nyika. Halafu, mwezi wa Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, njia ya kutuma fedha kwa ujumbe wa simu. Mawazo yake ya kwanza yalikuwa ni kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo; lakini katika majaribio watu walionekana kuwa na haja nyingine, nayo ni kutuma fedha nyumbani. Haja ile ilikuwa ya kale. Tangu siku za reli wanaume wa Nyanza walikuwa wakifanya kazi bandarini Mombasa, katika mashamba ya chai ya Kericho na katika karakana za Nairobi, na fedha zao zilirudi nyumbani ndani ya bahasha, au chini ya soksi ya jirani aliyepanda basi. Bahasha zilipotea. Majirani nao walipotea. Leo watu zaidi ya milioni 30 katika Kenya hutumia M-Pesa.

Hapa nataka tukae kidogo, tutazame kazi za watu. Tarishi wa simu ya maandishi alikwisha. Mhudumu wa mtambo alikwisha. Waandishi wa barua waliokaa karibu na posta na mashine zao za chapa walipungua, wakabaki wa kuandika mikataba na barua za mahakamani. Palikuja, kwa miaka michache tu, vijana waliokaa chini ya miavuli na simu moja juu ya meza, wakiuza dakika. Kazi hiyo ilizaliwa na kufa kabla watoto wao hawajamaliza darasa la nane. Mahali pao pakaja mawakala wa M-Pesa, watengenezaji wa simu, wauzaji wa vifuniko na nyaya za kuchajia, na vibanda vya kuchaji simu kwa malipo katika vijiji visivyo na umeme. Siwezi kusema kwamba kazi zilizokuja ni chache kuliko zilizokwenda. Nadhani ni nyingi zaidi. Bali kazi ya karani wa posta ilikuwa na mshahara wa mwezi, likizo na malipo ya uzeeni, na ya wakala ni asilimia ya kila anachopitisha. Akiugua, kibanda kimefungwa, na siku ile hana kitu.

Katika fukwe za ziwa mambo yalikuwa na sura nyingine. Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza, kwa taa ziwavutazo wale samaki wadogo; wavuvi wa mbuta na ngege hurudi asubuhi. Zamani mashua ilipofika ufukweni, bei ilikuwa ni ile ya wanunuzi waliokuwapo. Samaki hangoji. Kama walikuwa wanawake wawili tu wenye vikapu, mvuvi alipokea walichotoa. Simu ilipokuja, aliweza kupiga angali majini akauliza hali ya Usenge, ya Mbita, au ya Kisumu mjini. Katika pwani ya Kerala, huko India, mtaalamu Robert Jensen alieleza mwaka 2007 jinsi jambo hili lilivyokwenda kwa wavuvi wa dagaa: bei za soko moja na jingine zilikaribiana, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi karibu wakaisha. Wengi walitazamia yayo hayo ziwani kwetu. Kwa sehemu yametokea. Lakini mbuta huhitaji barafu, na barafu huja na magari ya wanunuzi wa viwanda vya minofu. Na mwenye barafu ndiye mara nyingi aliyemkopesha mvuvi nyavu. Mvuvi wa namna hiyo huweza kujua bei ya fukwe tano na asiweze kuuza ila katika moja. Simu imempa habari, haikumpa barafu.

Wanawake wauzao samaki waliona faida ambayo wanaume hawakuitazamia. Mama aliyetoka Kibuye na fedha za mauzo kiunoni alikuwa shabaha ya wezi, na pengine shabaha ya mumewe pia. Fedha zilizo ndani ya simu, nyuma ya namba ya siri, hazionekani zikivimba chini ya leso. Nimewasikia wakisema jambo hilo kwa kicheko. Kwao hii ilikuwa siri mpya, siri ambayo hawakuwa nayo katika wakati wa mkebe uliofichwa chini ya kitanda. Mtu asemaye kwamba simu imeondoa faragha, na awaulize kwanza wanawake hawa.

Hata hivyo, palikuwa na kitabu. Katika miaka ya mwanzo kila wakala alikuwa na daftari juu ya meza, na mteja alitakiwa kuandika jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi cha fedha, kisha atie sahihi. Aliyefuata katika mstari aliandika chini yake, akiyaona yote. Niliwahi kusimama katika duka moja sokoni, nikasoma pasipo kutaka kwamba mwalimu mwenzangu ametoa shilingi 15,000 asubuhi ile, naye juzi tu alikuwa ameniambia hana hata nauli. Nilicheka peke yangu. Baadaye sikucheka, nilipofikiri ni watu wangapi wamekwisha soma mstari wangu.

Daftari, walakini, ni kitu cha kuonekana. Mtu huweza kulifunika kwa mkono. Kilichokuja baadaye hakionekani. Kuanzia mwaka 2012 mikopo ilianza kutolewa ndani ya simu, pasipo karani, pasipo dhamana, pasipo mdhamini, na baada ya muda zikaja programu nyingi za mikopo, nyingine zikiwa za kampuni ambazo hapana aliyejua ofisi zao ziko wapi. Mkopaji aliulizwa maswali machache, akabonyeza kukubali. Mwanafunzi wangu mmoja chuoni alikopa shilingi 2,000 kwa njia hiyo, kwa ajili ya nauli ya kwenda mazoezi ya ufundishaji. Alichelewa siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa katika chumba cha walimu simu yangu ikalia, na sauti ya mwanamke, ya adabu kwanza kisha ya ukali, ikanieleza kwamba kijana wangu ni mdanganyifu, na kwamba nimwambie alipe. Sauti ile ile ilikuwa imekwisha mpigia mchungaji wake, shangazi yake, na mama wa msichana aliyetazamia kumposa. Alipokubali mkopo alikuwa ameiruhusu ile programu isome majina yote yaliyo ndani ya simu yake. Aliapa kwamba hakuulizwa. Nilichukua simu, tukatafuta pamoja, tukaona kwamba aliulizwa, kwa Kiingereza cha mawakili, katika maandishi madogo ambayo kidole huyapita kwa mara moja. Yeye ni kijana msomi, atakayekuwa mwalimu. Nilikumbuka wale waliobeba vikopo shingoni.

Sheria imejaribu kufuata. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na hasa kwamba habari za jamaa yake na mambo yake binafsi zisitakwe wala zisitangazwe pasipo sababu, wala mawasiliano yake yasiingiliwe. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa Novemba 2019, na kamishna wa kwanza akawekwa mwaka uliofuata. Mwaka 2022 zikaja kanuni za kuwataka wakopeshaji wa simu wapate leseni ya Benki Kuu, zikiwakataza kuwaaibisha wakopaji kwa watu walio katika orodha zao.

Na vidole? Vilirudi. Mwaka 2019 serikali iliwaandikisha watu nchi nzima kwa ajili ya Huduma Namba, kwa alama za vidole na picha za uso. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukuliwa kwa vinasaba na alama za mahali mtu anapokaa, ikataka pawe na sheria kamili kwanza. Na Oktoba 2021 ikasema kwamba kutolewa kwa kadi kulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa madhara kwa faragha ya watu hayakuchunguzwa kabla. Kisha, mwaka 2023, watu walipanga mstari mrefu Nairobi kwa kampuni ya Worldcoin, wakapigwa picha ya mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za mtandao zilizosemekana kufikia kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha jambo hilo Agosti mwaka huo, na mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari zile zifutwe. Mtu wa 1920 alitoa vidole kwa kuogopa faini na jela. Yule wa 2023 alitoa mboni za macho kwa shilingi, naye alijipanga mwenyewe alfajiri. Wanafunzi wangu hupenda kuwacheka wa pili na kuwahurumia wa kwanza. Huwauliza ni wangapi kati yao waliosoma masharti ya programu waliyoitia katika simu zao wiki iliyopita, nao hunyamaza.

Nyanya yangu alipata simu katika uzee wake, ndogo, yenye vitufe, aliyoifunga kwa kitambaa kama alivyofunga fedha. Hakujifunza kusoma. Ujumbe ulipoingia aliniita kama nilikuwapo likizoni, na sikuzote, ijapokuwa nyumba ilikuwa tupu, aliinuka kwa shida akashika fimbo akanitangulia nyuma ya ghala, mahali pale pale. Kinu kilikuwa kimekwisha vunjika. Aliketi juu ya jiwe. Nilimsomea: fedha zimeingia, kutoka kwa fulani, saa fulani, salio ni kadha wa kadha. "Rudia pale," alisema. Mara moja, baada ya kurudia, aliinyosha mkono akaipokea simu, akaitazama, akaniuliza, "Na huyu aliyeileta, ameisoma?"

Nilimwambia hapana mtu aliyeileta, ni mtambo tu. Alinitazama kwa muda, kama alivyonitazama mwaka ule wa barua ya ami, akaifunga simu katika kitambaa chake, akaitia kifuani.